Ekari Mbili Zilizokuwa Moja



Tulipogawana kurasa za kijitabu hiki cha miaka kumi, wenzetu walichukua habari za kasha, hisa, mikopo ya mbolea na mfuko wa misiba. Sisi wa kamati ya ardhi tuliachiwa ardhi, na mwenzetu mmoja akacheka akasema, "Nyie andikeni ile aibu." Basi tunaiandika, maana watu wengi hapa Songea wanaijua nusu nusu, na nusu wanayoijua siyo yenyewe.

Watu wanasema tuliibiwa. Kupunjwa, ni kweli tulipunjwa. Lakini tumekaa na hesabu zile miaka sita sasa, na tunachokiona ni kwamba hata tusingepunjwa hatua moja, tungegombana vilevile. Tulinunua bila kujua ukubwa wa ardhi, hilo moja. Tulinunua bila kujua sisi wenyewe tunahitaji kiasi gani, na hilo ndilo lililotaka kutuvunja.

Ilikuwa mwaka wetu wa nne. Tulikuwa akina mama 30. Kila mwisho wa mzunguko tulikuwa hatugawani hisa zote, tunabakiza fungu tuliloliita "la kiwanja". Miaka mitatu fungu likakua. Dalali akatuletea habari ya shamba pembeni mwa mji, mteremko mzuri, chini yake kuna kijito, ekari mbili. Tukaenda watu 12, Jumapili baada ya ibada, tumevaa vizuri kabisa. Kijana wa mwenye shamba akatangulia anahesabu kwa sauti, hatua 70 huku, hatua 70 kule, halafu tena. Sisi nyuma tunahesabu naye kama watoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza tukapiga vigelegele. Hakuna aliyekuwa na futi kamba. Hakuna aliyeuliza kijito kile kina masharti gani.

Sasa hizi hatua 70 kwa 70 zimetoka wapi? Wengi wetu tumezaliwa tumezikuta, tukadhani ni za mababu. Siyo za mababu. Ekari ni kipimo cha Kiingereza, mita za mraba 4,047. Ukichukua yadi 70 kwa yadi 70 unapata ekari na kitu kidogo juu yake. Yadi moja ni kama sentimeta 91, na hiyo ni hatua ndefu, ya mwanamume mrefu anayetembea kwa kusudi la kupima. Kwa hatua ya namna hiyo, 70 ni mita 64, na mita 64 kwa 64 ni 4,096. Hapo hesabu inakubali, huna ugomvi na mtu.

Lakini mtu wa kawaida, tena kwenye mteremko wenye magugu, hatua yake ni sentimeta 75 hivi. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 52 na nusu. Zidisha mwenyewe: unapata mita za mraba 2,756. Ni theluthi mbili tu ya ekari, na kelele za kuhesabu ni zilezile. Kijana yule hakuruka namba hata moja. Miguu yake tu ndiyo ilikuwa mifupi, na bei ilikuwa ya miguu mirefu.

Tulipokuja kupima kwa futi kamba, miezi minane baada ya kulipa, shamba lilikuwa na urefu wa mita 104 na upana wa mita 53. Hiyo ni mita za mraba 5,512, yaani ekari moja na theluthi. Mweka hazina wetu alizidisha mara tatu kwenye daftari, akafuta, akazidisha tena kwenye simu ya mwanae.

Babu zetu wasingepunjwa hivyo, kwa sababu hawakuwa wakinunua. Wangoni walipofika nchi hii katika karne ya 19, wakisimamisha tawala za Njelu na Mshope, ardhi ilikuwa chini ya nkosi, na kaya ililima kadiri ya mikono iliyonayo. Shamba likichoka, wanahamia jingine. Kule Umatengo, ambako milima ni mikali na watu wamebanana, mambo yalikuwa na mpaka zaidi. Wana neno lao, ntambo, yaani kipande cha mlima kilichozungukwa na mabonde na vijito, ambacho ukoo unakitegemea. Ndani yake wanachimba yale mashimo ya ngoro: wanaume wanafyeka na kupanga majani, wanawake wanayafukia kwa udongo na kupanda. Mwenzetu mmoja ni wa huko Mbinga. Siku tulipogundua habari ya kijito alituambia, "Bibi yangu asingekubali kununua mlima bila kuuliza maji yake yanakwenda wapi." Tulimwambia mbona hukusema siku ile? Akasema, "Nilikuwa napiga vigelegele."

Tuseme wazi pia kwamba ardhi ya hapa ina kumbukumbu nzito kuliko hesabu zetu za futi kamba. Wajerumani walijenga boma hapa Songea mwaka 1897. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, walinyonga wakuu na wapiganaji wetu, ndio wale tunaowakumbuka kila tarehe 27 Februari pale Mahenge kwenye makumbusho, na jina la mji ni la mmoja wao, Nduna Songea Mbano. Halafu wakachoma mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi sana. Ardhi ilibaki, walimaji hawakubaki. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba zamani ardhi ilikuwa tele, tunamwuliza ilikuwa tele kwa nini.

Waingereza nao mwaka 1923 wakatunga sheria iliyofanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana, na mwaka 1928 wakaongeza maneno ya kutambua haki ya mwenyeji anayekaa kwa mila. Baada ya uhuru ardhi ikabaki ya umma. Sheria za mwaka 1999, iliyo namba 4 na ile ya ardhi ya vijiji namba 5, zinasema hivyo hivyo: ardhi ni ya umma, Rais ameshika kama mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia pamoja na maendeleo yaliyomo.

Ekari iliingia lini midomoni mwa akina mama? Wazee wetu wanakumbuka zaidi wakati wa vijiji. Hapa wilayani watu walikuwa wamejaribu wenyewe mapema, pale Litowa na vijiji vingine vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kulima pamoja na kugawana kwa hesabu, mpaka chama kile kilipovunjwa mwaka 1969. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, kuanzia 1973 hadi 1976. Watu wakahamishwa, wakapangwa kwa mistari, wakakatiwa eneo la nyumba na eneo la shamba, na aliyekuwa akikata alikuwa anatembea kwa hatua. Aliyepewa hakulipa, kwa hiyo hakuhesabu kwa uchungu. Mazoea yale tukayarithi. Miaka ya tisini biashara ya mashamba ilipopamba moto, hatua zilikuwa zilezile, ila sasa zina bei.

Na watu wameongezeka. Sensa ya 2002 ilikuta watu zaidi ya 131,000 katika Songea Mjini. Ile ya 2012 ikakuta zaidi ya 203,000, na ya 2022 zaidi ya 280,000. Ukitoka mjini kwenda Mshangano, au Ruhuwiko, au Mletele, mashamba tuliyokuwa tukiyapita tukienda kuchuma mboga leo yana vigingi na matofali.

Turudi kwenye aibu yetu, maana haijafika mwisho.

Tulipopeleka vipimo kuuliza kama tunaweza kujenga, tukaelezwa habari ya mita 60. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kijito chetu kiko mita 35 chini ya mpaka wetu. Kwa hiyo mita 25 za chini, kwa upana wote wa shamba, hatuwezi kuweka hata banda. Toa 25 kwenye 104, zinabaki 79. Zidisha kwa 53: mita za mraba 4,187. Ekari moja na kijisehemu. Tulilipia mbili, na inayojengeka ni moja.

Mkutano uliofuata hatuwezi kuusahau. Ulifanyika kwenye baraza ya mwenyekiti, mvua inanyesha, na kila mtu alikuwa na kiwanja chake kichwani. Hapo ndipo tulipogundua kwamba katika miaka mitatu ya kuweka fedha hatukuwahi kuambiana ardhi ni ya nini. Wengine walijua ni ya ghala la mahindi, ili tusiuze kwa bei ya kutupa mwezi wa saba halafu tununue ghali mwezi wa pili. Wengine, mradi wa kuku. Na zaidi ya nusu, jamani, walijua kila mama atakatiwa kiwanja chake cha 20 kwa 20. Mama mmoja mjane alikuwa ameshawaambia watoto wake. Alisimama akasema, "Mimi sina pengine. Niambieni changu kiko wapi." Hakuna aliyemjibu.

Ndipo kamati yetu ilipoundwa, kwa kweli ili watu wanyamaze waende nyumbani. Tukapewa wiki mbili tulete hesabu. Hesabu yenyewe ilichukua jioni moja. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Wanachama 30 mara 400 ni 12,000, karibu ekari tatu, na hapo hujaacha njia ya kupita mtu na mkokoteni wake, sembuse gari la wagonjwa. Hata kama tungepata ekari mbili kamili, mita za mraba 8,094, zingetoka viwanja 20 bila njia. Mama kumi wangekosa. Na kwenye ile ekari yetu moja tulichora kwenye karatasi ya daftari: upana wa mita 53 unatosha safu mbili za viwanja na njia katikati, urefu wa mita 79 unatosha viwanja vitatu kila safu na vinabaki vipande vya mita 19. Viwanja sita kamili, na viwili pungufu. Kwa akina mama 30.

Ile karatasi tumeitunza. Ilipopitishwa mkono kwa mkono kelele zilikwisha, kwa sababu kila mtu aliona kwamba mwenzake hakumdhulumu. Ardhi ile haikuwahi kuwa na viwanja 30 ndani yake, hata siku ya vigelegele.

Tuseme kidogo juu ya hizi namba za viwanja, maana ukienda kuuliza utasikia maneno "ujazo mkubwa, ujazo wa kati, ujazo mdogo". Ujazo mkubwa maana yake nyumba nyingi zimebanana, kiwanja ni kidogo. Ujazo mdogo ni kinyume chake. Katika viwango vya mipango miji vya mwaka 1997, ujazo mkubwa ulikuwa mita za mraba 400 hadi 800, wa kati 801 hadi 1,600, na mdogo 1,601 hadi 4,000. Viwango hivyo vimebadilishwa baadaye, na mwelekeo umekuwa wa kupunguza, kwa hiyo usitumie karatasi ya zamani wala maneno ya dalali, uliza ofisi ya ardhi kiwango cha leo. Ila historia yake iko hivi: enzi za mkoloni miji yetu ilikatwa kwa rangi ya mtu, uzunguni viwanja vikubwa, uhindini vya kati, uswahilini vidogo. Uhuru ulipokuja rangi ikafutwa kwenye karatasi, likabaki neno ujazo. Wengine wetu mama zetu walifanya kazi za ndani kwenye nyumba zile za bustani kubwa na kulala kwenye vile vyumba vya uswahilini, kwa hiyo tunajua tofauti yake bila ramani.

Wenzetu wa Kenya wana desturi yao ya "hamsini kwa mia", na hiyo ni futi, siyo mita wala hatua. Inatoka mita za mraba 464 na nusu. Wanaiita moja ya nane ya ekari, ingawa moja ya nane hasa ni mita za mraba 506. Inaonekana kila nchi ina namba yake tamu inayoficha kitu.

Na hiyo 20 kwa 20, hata ikiwa ni ya mita kweli, ina mambo yake. Weka nyumba ya mita 10 kwa 12. Weka choo. Sasa wataalamu wa afya wanatuambia kisima kiwe mbali na choo angalau mita 30. Ukinyoosha futi kamba kutoka pembe moja ya kiwanja cha 20 kwa 20 hadi pembe ya pili ya mkabala, unapata mita 28 na kidogo. Maana yake hata choo ukikiweka kwenye kona na kisima kwenye kona ya mwisho kabisa, bado hujafika 30. Na jirani naye ana choo chake. Kiwanja cha namna hiyo kinataka maji ya bomba, na kabla ya kulipa uliza bomba la mamlaka ya maji limefika wapi. Mwenzetu mmoja alichimba kisima kwenye kiwanja kidogo. Maji yake leo anafulia tu.

Mwenye kutaka shamba la chakula ana hesabu nyingine. Sisi tunahesabu hivi: nyumba ya watu sita inamaliza magunia sita hadi nane ya mahindi kwa mwaka. Mwenye mbolea na mbegu nzuri, ekari moja kwetu inampa magunia 15 mwaka ukiwa mwema. Asiye na mbolea, sita, na ashukuru. Kwa hiyo asiye na mbolea ndiye anayehitaji ardhi kubwa zaidi, na ndiye mwenye fedha kidogo zaidi ya kuinunua. Hili hatujapata dawa yake, zaidi ya ule mkopo wa mbolea ulioelezwa na wenzetu kurasa za mbele.

Jambo jingine ni jina. Hati ya mauziano ya shamba letu iliandikwa jina la mwenyekiti peke yake. Mwenyekiti ni mama mwaminifu, lakini ni binadamu kama sisi, ana ndugu na ana watoto saba. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshtuka, akasema, "Nikifa leo mtagombana na wifi zangu." Tukairudia hati mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, ikaandikwa jina la kikundi kama kilivyosajiliwa, ikiambatana na orodha ya wanachama. Muuzaji alikubali kusaini upya. Tunamshukuru kwa hilo, pamoja na hatua zake.

Tunalisisitiza jina kwa sababu katika kikundi hiki kuna wenzetu wanne walionunua ardhi kwa fedha za hisa zao wakaandika jina la mume au la kaka, eti kwa heshima. Wawili kati yao waliondolewa baada ya msiba. Kwa mila zetu mwanamke alipewa shamba la kulima kwa kuwa ameolewa, na ndoa ikiisha shamba linabaki kwa ukoo wa mume. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mke anaweza kuwa na mali yake mwenyewe, na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Kuandika jina lako siyo kumdharau shemeji yetu. Wengine wameandika majina yote mawili na nyumba zao zina amani.

Shamba letu leo mnalijua. Juu kuna ghala, limeingiza mavuno ya misimu mitatu. Katikati mabanda ya kuku. Chini, kwenye zile mita 25, tumepanda mikuyu, kwa sababu wazee wanasema mkuyu unatunza maji, na kijito kile mwaka jana hakikukauka. Viwanja hatukukata. Badala yake kikundi kinakopesha mama anayetaka kununua chake, kwa masharti mawili. La kwanza, aje na karatasi aliyochora mwenyewe, nyumba hapa, choo hapa, mboga hapa, maji yanatoka wapi, tujue anahitaji kiasi gani kabla hatujauliza bei. La pili, kamati iende na futi kamba. Tumenunua ya mita 50, inakaa ndani ya kasha pamoja na fedha, chini ya zile kufuli tatu. Kuna waliotucheka. Kuna muuzaji aliyetufukuza tulipoitoa mfukoni, na hapo tulijua tulichotaka kujua.

Yule mama mjane alikuwa wa kwanza kukopa. Alichora karatasi yake mara nne. Mwishoni alinunua kiwanja cha mita 15 kwa 20, kidogo kuliko alichokuwa akikililia siku ya mvua, lakini bomba linapita mbele ya mlango. Wanawe wamefyatua matofali wenyewe.

Sasa kuna hili ambalo mtaliamua ninyi. Jirani wa upande wa juu anauza kipande kinachopakana nasi. Anasema ni ekari moja na nusu. Tumeshakipima: mita 88 kwa 53, yaani mita za mraba 4,664, ekari moja na kama moja ya saba. Hakigusi zile mita 60 za kijito. Jirani ameona vipimo, hajakataa, amesema atafikiri juu ya bei. Wapo wanaotaka tukinunue kwa ajili ya ghala la pili, na wapo walioanza tena kusema viwanja. Kwa viwanja tumechora: ni vinane kamili, na wanachama sasa tuko 41. Mchoro utabandikwa ukutani siku ya sherehe, karibu na meza ya chai. Mje mmeshauangalia kabla mkutano haujaanza.